Kutoka Usambara hadi Ghuba ya Mwanza: Jinsi Utengano Unavyozaa Spishi

Spishi mpya ya mnyama huanza pale kundi moja linapogawanyika na pande zake zikashindwa kukutana. Nusu moja hubaki upande huu wa kizuizi, nusu nyingine upande ule, na vizazi vikipita vya kutosha, hata kizuizi kikiondoka wazao wa pande hizo mbili hawawezi tena kuzaa pamoja, au hawatambuani kama wenza. Kizuizi chenyewe huwa cha aina nyingi: bahari, bonde lenye joto, mto mpana, jangwa, hata ufuo wa mchanga uliolala kati ya majabali mawili. Kinyonga wa msitu wa mlimani hawezi kuvuka kilometa chache za nyika kavu, ilhali tai huivuka kwa dakika chache. Kwa hiyo kizuizi hakipimwi kwa ramani peke yake. Hupimwa kwa miguu, mabawa au mapezi ya mnyama anayehusika, na kwa umri wa kizuizi chenyewe.

Kinachotokea nyuma ya kizuizi kinaeleweka vizuri. Kila kiumbe huzaliwa na mabadiliko machache ya jeni ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mengi hayana athari yoyote, baadhi yana madhara, na machache humfaa mwenye nayo pale anapoishi. Wanyama wa eneo zima wanapoendelea kupandana, mabadiliko hayo husambaa na kuchanganyika, na kundi lote hubaki kitu kimoja. Mawasiliano yakikatika, kila upande hujilimbikizia ya kwake. Uteuzi asilia huyachuja kulingana na hali ya mahali: mlima wenye baridi na mvua hautaki kwa wakazi wake sifa zilezile zinazotakiwa na mlima wenye joto. Bahati nayo ina kazi yake, hasa kundi likiwa dogo, kwa kuwa jeni inaweza kuenea au kupotea kwa sababu tu wachache waliokuwa nayo walizaa sana au walikufa mapema. Kisha kuna uchaguzi wa wenza. Majike wa upande mmoja wakianza kupendelea rangi au wimbo fulani, madume wenye sifa hiyo huzaa zaidi, na sura ya kundi hubadilika upesi kuliko ambavyo mvua na baridi vingeweza kuibadilisha.

Utengano wa uzazi hukamilika kwa njia mbili. Kuna wanaoacha kupandana kwa sababu msimu wao, wimbo wao au rangi yao haifanani tena. Kuna pia wanaopandana lakini watoto wao hawafiki mbali. Njia hii ya pili ilielezwa na wanajenetiki Theodosius Dobzhansky na Hermann Muller katika miaka ya 1930 na 1940. Jeni mpya ya upande mmoja imezoeana na jeni nyingine za upande huo, na jeni mpya ya upande wa pili vivyo hivyo, lakini hizo mbili hazijawahi kuishi ndani ya mwili mmoja. Zikikutana katika chotara huenda zikagongana, naye akawa tasa au akafa kabla ya kukua. Mwanabiolojia Ernst Mayr, katika kitabu chake cha mwaka 1942, aliifanya hoja ya uzazi kuwa msingi wa maana ya spishi: viumbe wanaozaana wao kwa wao na waliotengwa kiuzazi na makundi mengine. Alisisitiza pia kwamba utengano wa kijiografia ndiyo njia kuu ya kufika hapo.

Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na vizuizi vya umri tofauti vilivyokaa karibu karibu. Njia niliyoifuata ilianzia Milima ya Usambara, ikashuka Uluguru na Udzungwa, ikavuka bahari hadi Unguja na Pemba, kisha ikageukia maziwa, Tanganyika na Victoria. Niliipanga hivyo kwa sababu katika kila hatua kuna mahali pa kale na mwenzake mchanga, na tofauti kati ya wawili hao hufundisha kuliko kila kimoja peke yake.

Jozi ya kwanza huonekana barabarani tu. Anayetoka Moshi kwenda Mombo huiacha Kilimanjaro nyuma yake, na mkono wa kushoto huanza Milima ya Upare, kisha Usambara. Kilimanjaro, yenye meta 5,895, ni volkeno changa. Haijatimiza umri wa miaka milioni 3. Upare na Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupinda kuelekea kusini hadi Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ni ya kale mno, na inakadiriwa kwamba milima yenyewe ilianza kuinuka miaka ipatayo milioni 30 iliyopita. Zamani misitu ya mvua ilienea kutoka Kongo hadi pwani. Hali ya hewa ilipokauka, nyika ilikata msitu huo vipande, lakini vilele vya Tao viliendelea kupokea ukungu na mvua kutoka Bahari ya Hindi. Kila mlima ukabaki na msitu wake, umezungukwa na migunga, mibuyu na, siku hizi, mashamba ya mkonge. Kilimanjaro ni ndefu zaidi na nzuri zaidi kwa picha, lakini kwa idadi ya wanyama wenye uti wa mgongo wasiopatikana penginepo popote haifui dafu mbele ya vilima hivi ambavyo wasafiri wengi huvipita wakiwa wamesinzia ndani ya basi.

Usambara yenyewe ni milima miwili. Usambara Magharibi, yenye mji wa Lushoto, na Usambara Mashariki, yenye Amani, zimetenganishwa na bonde la Lwengera, bonde la joto lisilo na msitu wa mlimani. Kutoka ukingo mmoja, ukingo wa pili unaonekana kwa macho. Hata hivyo kinyonga mkubwa mwenye pembe mbili wa Usambara Magharibi na yule wa Usambara Mashariki ni spishi mbili. Kwa muda mrefu waliwekwa kapu moja na vinyonga wa Milima ya Nguru na kuitwa jina moja. Mwaka 2008 wataalamu walilinganisha umbo la pembe, magamba na vinasaba, wakawagawa: yule wa Nguru akabaki na jina la zamani, Kinyongia fischeri, wa Magharibi akawa Kinyongia multituberculata, na wa Mashariki Kinyongia matschiei.

Vinyonga hutafutwa usiku. Mchana rangi yao huwaficha, lakini wakilala hupauka, na mwanga wa tochi huwatoa kijanini kama karatasi nyeupe. Katika msitu wa Amani, kijana aliyeniongoza alinionya nisihangaike na shina wala matawi mazito. "Mulika ncha, kaka. Huku ndani halali, nyoka atamfikia bila yeye kujua." Na kweli, karibu wote walikuwa wamelala kwenye ncha za vijiti vyembamba, mkia umejikunja kama koili, macho yamefumbwa. Nyoka akitambaa kwenye kijiti chembamba hukitikisa, na kinyonga hujiachia na kuanguka. Dume mmoja alikuwa na pembe mbili bapa zilizotokeza mbele ya pua, kila moja imejaa vinundu vidogo. Pembe kama hizo majike huwa nazo ndogo au hawana kabisa. Madume huzitumia kusukumana wakigombea majike, na ndiyo maana hasa hutofautiana mlima hadi mlima: kiungo kinachoamua nani azae hubadilika upesi kuliko mguu au utumbo.

Amani ina historia yake katika elimu hii. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na baada yao, wakati wa utawala wa Waingereza, Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo hicho huku akichunguza ndege wa milima ya Afrika Mashariki. Alisaidiwa na Salimu Asmani, mtu wa huko aliyekuwa na jicho la pekee kwa ndege. Moja ya matunda ya kazi yao ni ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu ambaye leo hubeba jina la Moreau, Artisornis moreaui. Ndege huyo anajulikana katika sehemu mbili tu: Usambara Mashariki na uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji, karibu kilometa 1,000 kutoka hapo. Katikati hayupo. Baadhi ya wataalamu wanawahesabu wa Njesi kuwa spishi kamili, wengine wanasubiri ushahidi zaidi, na ubishi huo ni jambo la kawaida kabisa. Utengano ni mwendo, na kila kundi limekutwa mahali fulani njiani. Kumtaka mtaalamu aonyeshe siku ambayo kundi liligeuka kuwa spishi ni kumtaka aonyeshe dakika ambayo mtoto aligeuka kuwa mtu mzima.

Ndege wanahitaji uangalifu zaidi kuliko vinyonga, kwa sababu wana mabawa na kwa sababu hudanganya. Milimani huishi ndege wadogo wa kijani wenye duara jeupe kuzunguka jicho. Taita wana wao, Upare Kusini wana wao, Kilimanjaro wana wao. Kwa kuwatazama mtu angesema ni ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na nyika. Vinasaba vilikanusha. Makundi kadhaa ya milimani yana undugu wa karibu zaidi na jamaa zao wa nyanda za chini kuliko baina yao wenyewe; kufanana kwao kumetokana na kuishi katika ukungu na baridi ya aina moja. Ndege aina ya chozi nao wana somo lao. Uluguru ina chozi ambaye hapatikani kwingine, aliyepewa jina la Arthur Loveridge, na milima jirani ina jamaa zake. Utafiti wa nyimbo zao uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba makundi fulani yaliyotengana kwa muda mrefu sana bado huimba karibu vilevile, na mengine yamebadilika kwa mkupuo. Muda, basi, hutoa nafasi ya kubadilika; hauamuru kila kitu kibadilike.

Kusini zaidi, Udzungwa ndiyo mlima mkubwa kuliko yote ya Tao, na ndiyo uliowashangaza wataalamu mara nyingi zaidi. Mwaka 1979 ulimwengu wa sayansi ulimtambua nyani-msitu wa Sanje, ambaye wakazi wa vijiji vya chini ya maporomoko ya huko walikuwa wakimsikia kila alfajiri. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa kambini msituni waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemjua. Alikuwa kwale wa msituni ambaye hakuwa hata na jenasi. Mwaka 1994 akapewa jina Xenoperdix udzungwensis. Jamaa zake wa karibu hawapo Afrika. Wako Asia, katika kwale wa misitu ya milimani ya huko, kwa hiyo kuwapo kwake Udzungwa ni mabaki ya enzi ambayo ndege wa aina hiyo walikuwa na njia ya kupita kati ya mabara hayo mawili. Muongo mmoja baadaye kwale wa namna hiyo akapatikana Rubeho, mlima wa jirani, mwenye mwili mdogo na uso wa rangi tofauti. Jon Fjeldså na Jacob Kiure walimwelezea mwaka 2003 kama nususpishi, na mwaka 2005 akapendekezwa kuwa spishi ya pili. Kizuizi kilekile kilichomhifadhi babu kimeanza kuwagawa wajukuu.

Kipunji anaonyesha jinsi mgawanyiko unavyoweza kuwa na kona. Nyani huyu mrefu wa manyoya, mwenye mlio wa ajabu unaosikika mbali, alitangazwa mwaka 2005 kutoka sehemu mbili zisizogusana: Rungwe na Kitulo katika Nyanda za Juu Kusini, na msitu wa Ndundulu ndani ya Udzungwa, umbali wa kilometa zipatazo 350. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na kumwita jina hilo tangu zamani. Undugu wake wa karibu ni na nyani wa kawaida wa nyikani, na vinasaba vya kundi la Rungwe vina alama za nyani wa manjano. Inaelekea kwamba zamani, baada ya safari ya kipunji kuanza, aliwahi kuzaana tena na jamaa zake wa nyikani. Matawi ya ukoo wa wanyama huachana, hugusana, kisha huachana tena. Anayechora ukoo huo kama mti ulionyooka amerahisisha mno.

Katika milima hii hakuna utengano uliobana kuliko wa chura wa Kihansi. Vyura wadogo wa jamii yake, wa jenasi ya Nectophrynoides, huzaa watoto wazima badala ya kutaga mayai majini, hivyo hawahitaji dimbwi wala kijito, na kila msitu wenye unyevu unatosha kuwa nchi yao. Tao la Mashariki lina spishi nyingi za namna hii. Yule wa Kihansi alikwenda mbali zaidi. Aliishi katika korongo moja upande wa kusini wa Udzungwa, kwenye hekta chache tu za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Ana rangi ya manjano na urefu usiofika sentimeta 3. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu yake. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, mtiririko wa korongoni ulipungua kwa takriban asilimia 90. Vinyunyizio viliwekwa kuiga manyunyu, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani, ambako bustani za wanyama za Bronx na Toledo ziliwalea. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulizuka korongoni muda mfupi baadaye, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Mwaka 2012 baadhi ya wazao wa wale waliosafirishwa walirudishwa Kihansi. Mnyama aliyetokana na mahali padogo namna hii hana pa kukimbilia. Utengano uliomzaa ndio ulioweka maisha yake yote chini ya bomba moja.

Ni muhimu kutofautisha utengano huo wa kale na ule ambao binadamu anauleta leo. Huko Taita, misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia imebaki vipande kati ya mashamba, na kila kipande kina kundi lake la kurumbiza wa Taita, ndege asiyepatikana nje ya vilima hivyo. Mtu anaweza kudhani kwamba vipande hivyo vitazaa spishi tatu. Haielekei. Watafiti waliowapima ndege hao waligundua kwamba katika kipande kilichoharibika zaidi, mguu wa kulia na wa kushoto wa ndege hutofautiana urefu kuliko kawaida, dalili ya ukuaji uliosumbuliwa. Kundi dogo mno hupoteza jeni kwa bahati mbaya kuliko linavyopata mpya, ndugu hupandana na ndugu, na ugonjwa mmoja humaliza wote. Spishi huzaliwa na makundi yaliyotengwa yakiwa bado na afya ya kungojea maelfu ya vizazi.

Baharini jozi ni Unguja na Pemba, na tofauti yao iko chini ya maji. Miaka 20,000 hivi iliyopita, katika kilele cha enzi ya barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban meta 120. Mlango wa Unguja ni wa kina kifupi, kwa hiyo wakati huo mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi msitu wa Jozani, Unguja. Kisiwa kilitengwa barafu ilipoyeyuka na maji kupanda. Mlango wa Pemba una kina kinachokaribia meta 800. Bahari haikuwahi kushuka kiasi cha kuukausha, na Pemba imekuwa kisiwa kwa mamilioni ya miaka. Msafiri wa boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, huiona tofauti hiyo kwa macho: maji ya kijani ya Unguja hugeuka buluu nzito, na mawimbi hubadilika tabia.

Wanyama wa visiwa hivyo wameandikwa kwa kina hicho cha maji. Unguja ina wanyama wengi wa bara waliokwama, na ndege wake karibu wote ni walewale wa pwani. Mkazi wake mashuhuri ni kima punju wa Jozani, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Jamaa yake wa karibu ni mbega mwekundu wa Udzungwa, na fuvu lake ni dogo kuliko la jamaa zake wa bara, jambo la kawaida kwa wanyama wakubwa wanaobanwa kisiwani. Vinasaba vinaonyesha kwamba ukoo wake ulianza kuachana na wa bara muda mrefu kabla ya bahari kupanda. Yaelekea misitu ya pwani ilikuwa imekwisha kukatikakatika, na bahari ikafunga tu kilichokuwa wazi kidogo.

Pemba ina wanyama wachache wa miguu minne, kwa kuwa karibu kila mkazi wake ilibidi afike kwa mabawa au kwa kuelea. Waliofika wamekaa muda wa kutosha kubadilika. Kisiwa hiki kidogo cha mikarafuu kina spishi nne za ndege zisizopatikana kwingine: bundi mdogo, ninga, chozi, na ndege mmoja wa wale wa duara jeupe machoni. Juu ya hao kuna popo wa Pemba. Niliwatazama Kidike, kijiji ambacho wakazi wake wenyewe wameamua kuwalinda baada ya idadi yao kuporomoka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Huning'inia mchana kutwa kwenye miti mirefu, wamejifunika mabawa meusi ambayo yakikunjuliwa hufikia upana wa meta moja na nusu. Kichwa na kifua vina manyoya ya rangi ya kutu. Mmoja alikuwa akijipepea kwa bawa moja huku amejishikilia kwa mguu mmoja, na jirani yake alipomsogelea alimfokea kwa sauti kali hadi akahama tawi. Popo wa jenasi hii hawapo kabisa katika bara la Afrika. Jamaa zao wako Komoro, Madagaska, Shelisheli na Asia. Kwa hiyo babu zao walikuja Pemba wakitokea baharini, kisiwa hadi kisiwa, wala hawakuvuka kilometa 50 zilizobaki kwenda kukaa bara.

Maziwa yanaonyesha kizuizi cha aina nyingine. Ziwa Tanganyika lina umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12 na kina cha meta 1,470. Ndani yake huishi spishi zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sato na furu, karibu zote za ziwa hilo tu. Karibu na Kigoma, palipo na miamba, huonekana samaki wa jenasi ya Tropheus wakikwangua mwani juu ya mawe. Ni wenyeji wa miamba kwelikweli. Mbele ya ghuba ya mchanga hugeuka, kwa kuwa huko hakuna chakula wala pango la kujificha. Matokeo yake ni kwamba kila kipande cha ufuo wa mawe kina rangi yake: mahali pengine weusi wenye mkanda wa njano, pengine wekundu, pengine wa kijani iliyofifia. Zaidi ya namna 100 za rangi zimeorodheshwa, na wataalamu bado wanabishana ni zipi zimefikia kuwa spishi. Hakuna mlima wala bahari kati yao, mchanga unatosha.

Ziwa Victoria ni mwenzake mchanga, na ndilo lenye habari ya kushangaza kuliko zote. Matope yaliyochimbwa sakafuni yanaonyesha kwamba lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Hata hivyo kabla ya karne ya 20 kwisha lilikuwa na furu wa spishi zipatazo 500. Kwa vipimo vya mageuko huo ni muda wa kupepesa. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2017 ulitoa sehemu ya jibu: furu wa eneo hili ni wazao wa koo mbili za mbali, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Nile ya Juu, zilizokutana na kuzaana. Uchotara huo uliweka katika kapu moja jeni nyingi zilizokwisha kujaribiwa kwingine, na ziwa lilipojaa, kila mazingira yalichagua mchanganyiko wake. Uchotara, ambao kwa kawaida hufuta mipaka ya spishi, hapa ulitoa malighafi ya kuziumba.

Mvuvi mmoja wa Mwanza alinipeleka kwa mtumbwi hadi kwenye visiwa vya mawe mdomoni mwa ghuba, ambako maji ni maangavu. Kwa ndoano ndogo alitoa furu wawili na kuwalaza juu ya ubao. Wa kwanza, Pundamilia pundamilia, alikuwa wa kijivu mwenye mistari myeusi na mapezi ya buluu. Wa pili, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, alikuwa na mgongo mwekundu kama pilipili, ubavu wa njano na tumbo jeusi. Ukubwa ni mmoja, umbo ni moja. "Huyu wa buluu yuko juu juu," alieleza, "mwekundu lazima uteremshe uzi." Mtafiti Ole Seehausen na wenzake wameeleza sababu. Ndani ya maji ya Victoria mwanga wa buluu hupotea karibu na uso wa maji, na chini hubaki mwanga mwekundu. Jicho la samaki wa chini limebadilika kuuona wekundu vizuri zaidi, na majike wa kila upande huchagua dume anayeng'aa katika mwanga wao. Maabara ilithibitisha hilo: majike walipowekewa taa ya rangi moja isiyoonyesha tofauti kati ya buluu na nyekundu, uchaguzi wao ulipotea. Samaki hawa wakipandanishwa, machotara wao huzaa vizuri. Hivyo kinachowatenganisha ni macho na upendeleo, na vyote viwili hutegemea mwanga.

Kusini mwa ghuba maji ni machafu. Udongo wa mashamba, mbolea na maji taka ya mji hulisha mwani, na mwanga hauendi mbali. Huko furu wa miambani hawagawanyiki tena katika buluu na nyekundu. Wamekuwa na rangi za katikati, za kahawia na kijivu, kwa kuwa majike hawaoni cha kuchagua. Mipaka iliyojengwa kwa maelfu ya vizazi inafutika bila samaki hata mmoja kuuawa. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuenea kwa kasi miaka ya 1980, alifanya maangamizi ya wazi zaidi. Inakadiriwa kwamba furu wa spishi zipatazo 200 walitoweka kwa kuliwa naye na kwa kukosa oksijeni katika maji yaliyochafuka. Uvuvi wa sangara ulipozidi na idadi yake kupungua, baadhi ya furu walirudi katika miaka ya 1990. Vielelezo vyao vililinganishwa na vile vilivyohifadhiwa kabla ya mlipuko wa sangara, na wale wanaokula vidudu vya majini katika maji ya wazi walikutwa na matamvua makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye oksijeni kidogo. Mabadiliko hayo yalichukua takriban miaka 20.